Herufi Chini ya Rangi Nyeupe

Osée Lokana alikuwa mtu wa kusoma kila kitu. Alisoma maneno nyuma ya malori yanayotoka Mahagi, alisoma magunia ya unga hata yakiwa yamepinduliwa, na akisimama mbele ya ukuta wa kiwanja ulioandikwa PARCELLE HII HAIUZISHWI aliweza kukaa hapo dakika kumi, akitaka kujua ni nani aliyeandika, kwa burashi gani, na kwa nini herufi S imetazama upande usio wake. Mke wake, Adèle, alikwisha kuzoea. Wakienda sokoni pamoja yeye alitangulia, akanunua mboga yake ya lenga-lenga na chumvi, na akirudi alimkuta mume wake pale pale alipomwacha, shingo imelala upande mmoja kama kuku anayesikiliza.

Na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya herufi. Aliandika plaque, vibao vya majina, za maduka, za farmasi, za makanisa na za saluni. Alianza kazi hiyo kwao Djugu, na vita vilipowafukuza alifika Bunia na mke, binti wa mdogo wake, sufuria moja na mfuko wa burashi. Sasa alikuwa na atelier, karakana ndogo ya mbao kando ya barabara, mtaa wa Mudzipela, mahali ambapo vumbi la moto, zile pikipiki zinazopita, lilikausha rangi yake kabla ya jua.

Jumanne moja asubuhi moto ilisimama mbele ya atelier, na bwana mmoja akashuka na mbao kubwa iliyofungwa ndani ya kitenge. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Viatu vyake viling'aa, na katika majira yale ya vumbi jambo hilo peke yake lilimfanya Osée amtazame mara mbili.

"Muzee Osée ni weye?"

"Ni miye. Karibu."

"Miye ni Monsieur Gustave. Banasema kwa mambo ya herufi, Bunia nzima, haina mwingine kama weye."

Osée alicheka kidogo. Sifa ni tamu hata kwa mwenye meno machache. Yule bwana akafungua kitenge, akatoa mbao iliyopakwa rangi nyeupe pande zote, na karatasi ya mistari ambayo juu yake ameandika mwenyewe, kwa mkono mzuri ajabu: AREFAD, Action pour le Relèvement des Familles Délaissées. Chini yake: Bureau de Bunia, ofisi ya Bunia.

"Ni shirika yetu, tunasaidia bakimbizi. Ninataka plaque iwe tayari vendredi, Ijumaa hii, sababu lundi, Jumatatu, tunaanza kuuliza batu banaotafuta kazi. Lakini sikiliza, papa. Neno 'Bunia' usiliandike juu ya plaque yenyewe. Uliandike ku kipande kidogo ya mbao, tutaifunga hapo chini na vis, skrubu mbili."

"Juu ya nini? Sababu gani?" Osée aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliulizaka tu.

"Siye tuko na mabiro, maofisi mingi. Leo hapa, kesho pahali pengine."

Akatoa nusu ya malipo bila kubishana bei, akapanda moto, akaenda.

Osée alibaki na mbao. Aliilaza juu ya meza, akapitisha kiganja juu yake kama mtu anayemgusa mtoto paji la uso kujua kama ana homa. Kitu cha kwanza alichoona: kulikuwa na matundu mawili ya vis, chini katikati, yaliyozibwa na mastiki. Kwa hiyo mbao hii ilikwisha kubeba kipande kidogo siku nyingine. Kitu cha pili: ile nyeupe haikuwa rangi ya mafuta. Ilikuwa rangi ya maji, ile ya kuta za nyumba, na imepakwa juu ya mafuta. Kila mwandishi wa plaque anajua kwamba rangi ya maji haishikani na mafuta, inakaa siku chache kisha inabambuka kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua. Aliyepaka nyeupe hii hakuwa mtu wa kazi. Alikuwa mtu mwenye haraka.

Basi Osée hakuanza kuandika. Angeweza, nusu ya malipo ilikuwa mfukoni. Lakini mtu wa kusoma kila kitu hawezi kuacha kitu kilichofichwa bila kukisoma. Alitia essence, petroli kidogo, kwenye kitambaa, akasugua pembe ya juu. Nyeupe ikatoka. Herufi nyekundu ikatokea, F. Akasugua tena. O. Kisha S, kisha A. Alisugua mpaka mkono ukachoka, na mwishoni akasoma: FOSADEV, Fondation pour la Santé et le, jina la shirika jingine kabisa, neno la mwisho likiwa bado chini ya nyeupe. Chini yake: Bureau de, na matundu mawili. Jina la mji halikuwapo.

"Eee," Osée alisema peke yake. "Basi nani alikuandika weye?"

Kwa maana waandishi wa plaque wanatiaka sahihi. Akaenda pembe ya chini, upande wa kuume, akasugua polepole kwa kidole. Ikaonekana: Eddy Art, na namba ya telefone.

Akapiga. Iliita mara nyingi, kisha sauti ya mwanamume ikajibu, nyuma yake mbuzi akilia.

"Aloo, ni Eddy Art? Miye ni Osée, mwandishi wa plaque kama weye, niko Bunia. Niko na plaque moja uliandika. FOSADEV."

Upande ule mlango ukafungwa. Mbuzi hakusikika tena.

"Muzee," sauti ile ikasema, "ile plaque iko kwako? Unatoka ku familia ya bale banaonitafuta, ao?"

"Hapana. Mutu ameniletea leo, anataka niandike jina ingine juu."

"Yuko wa namna gani?"

"Viatu safi. Maandishi muzuri sana."

"Ni yeye." Eddy akavuta pumzi. Akaeleza kwamba yeye yuko Mahagi, na kwamba mwezi wa tano bwana mmoja, jina lake Monsieur Crispin, alimwomba plaque ya shirika. Watu wakaona plaque, wakaamini. Wakaleta diplome zao za orijinali, vyeti vyenyewe, wakatuma kwa telefone pesa ya dossier, ya kupokelewa maombi yao. Asubuhi moja wakakuta nyumba tupu, na plaque imeng'olewa ukutani. "Na unajua batu balikuja kwa nani? Kwangu! Banasema miye niko mwenzake, sababu sahihi yangu iko pale. Balivunja mulango yangu. Muzee, chunga."

Osée alikata telefone, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitaka kujua, na sasa alijua, lakini moyo wake ulikuwa mzito kuliko wa mtu asiyejua kitu.

Saa sita Gracieuse akafika na chakula chake ndani ya sahani iliyofunikwa. Gracieuse alikuwa binti wa mdogo wake Osée, marehemu. Walikimbia naye kutoka Djugu, akakulia nyumbani kwao, na mwaka uliopita alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi. Tangu hapo alitafuta kazi kila mlango. Aliweka sahani mezani, akaona ile karatasi ya mistari, akapiga makofi.

"Baba mukubwa! AREFAD! Kumbe ni weye unabaandikia? Ni kule nilipeleka dossier yangu jana! Kuko batu mingi, pale mtaa ya Shari, banatafuta hata bauguzi!"

Osée akaacha kunawa mikono.

"Ulipeleka nini?"

"Dossier. Barua, picha, diplome."

"Photocopie?"

"Banasema orijinali, juu ya kuhakikisha. Vendredi ndiyo natuma vingt dollars, dola ishirini, ya dossier. Mama Adèle alisema atanisaidia."

Osée akamvuta mbele ya meza, akamwonyesha herufi nyekundu, kisha akamweleza mambo ya Eddy, neno kwa neno. Gracieuse alisikiliza. Mwanzoni alitabasamu, kisha tabasamu likabaki peke yake usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Lakini iko na cachet, muhuri kabisa," alisema. "Iko na ordinateur, kompyuta. Na Baba mukubwa, mwivi hawezi kutengenezesha plaque!"

"Miye ndiye ninaitengeneza, mwanangu. Plaque ni rangi tu."

"Pengine alinunua mbao ya zamani. Batu banauzishaka mbao."

Hilo lilikuwa kweli. Mbao za plaque zinauzwa, zinanunuliwa, zinafanywa milango ya choo. Na viatu safi si dhambi. Osée alifikiri akasema, "Sawa. Tusimuhukumu mutu na kitambaa cha essence. Kesho nitaenda kuona mwenyewe."

Jumatano alichukua mètre yake ya kupimia, akaenda Shari kwa miguu. Nyumba haikuwa ngumu kuipata, kwa sababu mbele yake kulikuwa na watu kama thelathini, wengine juu ya benchi, wengine chini ya dirisha, kila mmoja na bahasha mkononi. Mmoja akamwita kwa jina. Alikuwa Fiacre, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye siku za nyuma Osée alimwandikia ubao wa ratiba.

"Muzee, na weye unatafuta kazi?"

"Natafuta ukuta. Ni miye naandika plaque."

"Ah, basi mambo iko ya kweli!" Fiacre aligeukia wenzake. "Muliona? Plaque iko inakuja! Miye nilisha kutuma pesa ya dossier jana."

Osée alihisi masikio yake yanapata moto. Akaingia ndani haraka.

Monsieur Gustave alimpokea vizuri sana. Aliuliza habari ya nyumbani, ya kazi, ya mgongo, maana aliona Osée ameinama akipita mlangoni. Osée alijibu huku macho yake yakifanya kazi yaliyoizoea. Kulikuwa na meza moja na kiti kimoja. Juu ya meza ordinateur, na kamba yake ya umeme ilishuka kando ya mguu wa meza, ikalala sakafuni, haikwenda popote. Alitafuta prise, tundu la kuchomekea umeme, kwenye kuta zote nne. Hakukuwa na prise. Pembeni kartoni kubwa ya sabuni imejaa bahasha mpaka mdomo.

Alipima ukuta wa nje, akaandika hesabu zake, kisha akauliza kama mtu asiyejali:

"Monsieur, ile mbao yako ni nguvu sana. Uliitoa wapi? Na miye natafutaka mbao ya namna ile."

"Mupya kabisa," Gustave akasema bila hata kupepesa jicho. "Nilitengenezesha kwa menuisier, seremala mumoja hapa hapa Bunia, mwezi jana."

"Mupya?"

"Mupya, papa."

Shaka ikawa imekwisha. Osée alitoka, akapita kati ya wale watu thelathini na bahasha zao, asiweze kumtazama hata mmoja. Uongo wenyewe haukumtisha kama ulivyomtisha urahisi wake. Ulitoka kinywani mwa yule bwana laini, kama mate.

Njiani alifikiri kurudi apige kelele. Lakini angepiga kelele gani? Yeye ni mzee wa burashi, na yule ana cachet. Na zaidi ya hayo diplome ya Gracieuse ilikuwa ndani ya ile kartoni. Mtu akishtuliwa, anakimbia na alichoshika.

Alhamisi asubuhi alivaa koti, akaenda na Gracieuse kwenye ofisi ya serikali inayoandikisha mashirika. Mama mmoja wa miwani alifungua daftari, akashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa.

"AREFAD haina humu," alisema. "Lakini liste, orodha hii, inawezaka kuchelewa, siwezi kuwadanganya. Niambieni, banaomba pesa?"

"Ndiyo, mama," Gracieuse akajibu.

"Na diplome ya orijinali?"

"Ndiyo."

Mama yule akafunga daftari. "Basi sina haja tena ya liste. Hapa kuko mashirika mingi, mwanangu, mingine inakataa batu, mingine inachelewa kujibu, lakini haina hata moja ya kweli inalipisha mutu juu ya kutafuta kazi. Na diplome yako, mutu anaitazama, anakurudishia hapo hapo. Muende kwa chef wa quartier, mukubwa wa mtaa. Leo, si kesho."

Chef wa quartier alikuwa mwanamke, Mama Joséphine, mnene, mpole, ambaye watu walimwogopa kwa sababu hakupandisha sauti. Alisikiliza yote akimenya karanga. Gracieuse alitaka waite polisi mara moja, waizunguke nyumba.

"Polisi nitaita, naandika barua sasa," Mama Joséphine alisema. "Lakini tuseme akiona polisi kwa mbali? Mutu wa namna ile anaweza kukimbia na telefone, na pesa iko ndani ya telefone, pale hatuna nguvu. Kartoni ndiyo nzito. Tuanze na kartoni."

Akachukua daftari lake la wakaaji wa quartier, akaita Papa Edouard mwenye nyumba aliyempangisha Gustave, na saa nane wakafika Shari wote wanne.

Osée alifikiri kutakuwa na makelele. Hayakuwapo. Mama Joséphine aliingia akitabasamu, akasalimia, akasema amekuja tu kuandika wageni wa quartier, kama desturi. Gustave alisimama, akampa mkono kwa heshima. Kwa kuwa hakukuwa na kiti cha pili, Mama Joséphine akaivuta kartoni ya sabuni, akaikalia.

"Mama, samahani," Gustave akasema haraka, "ile ni madossier ya batu."

"Najua, papa. Ndiyo maana nimekaa polepole." Akafungua daftari juu ya magoti. "Jina?"

"Gustave."

"Gustave nani?"

Akataja. Mama akaandika.

"Document ya shirika?"

"Iko Kinshasa. Banaituma leo ku email."

"Vizuri. Tutaingoja." Akatulia, kama mtu aliyefika kwa ukweni na anajua chakula kiko jikoni. "Muzee Osée hapa ananiambia plaque yako iliitwaka FOSADEV, mwezi wa tano, kule Mahagi. Ni shirika yenu pia?"

Kwa mara ya kwanza Osée aliona uso wa yule bwana ukiwa bila kitu juu yake. Haikudumu. Gustave alimgeukia, na hakuonyesha hasira. Alimtazama karibu kwa huruma.

"Muzee, weye ulipewa kazi ya kuandika," alisema. "Hukupewa kazi ya kufuta."

Kisha akachukua ordinateur yake chini ya kwapa, akasema anakwenda cyber mara moja kutoa ile document, dakika vingt. Papa Edouard alitaka kumzuia mlangoni, lakini Mama Joséphine akatikisa kichwa; kartoni ilikuwa bado chini yake. Nje yule bwana akaita moto, akapanda, akawapungia mkono wale waliokuwa kwenye benchi.

Watu walimngoja. Mama Joséphine hakuondoka juu ya kartoni. Dakika vingt zikawa saa moja, saa moja ikawa mbili. Fiacre alipiga ile namba aliyoitumia pesa, ikaita, kisha ikazimwa. Akapiga tena. Alipoelewa, hakumgeukia Mama Joséphine. Alimgeukia Osée.

"Ni weye umemufukuza!" alisema. "Angeweza kutupa kazi! Ungengoja hata lundi! Nani alikutuma kusugua sugua vitu ya batu?"

Na wengine wakaitikia. Mwanamke mmoja alisema mzee huyu ana wivu. Kijana mmoja alisema kwa nini aliipokea kazi ya plaque ikiwa ni mwizi, si alikula pesa yake? Hilo lilimchoma Osée kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani. Alifungua vifungo vya koti lake, akavifunga tena. Gracieuse ndiye aliyesimama mbele yake.

"Na miye diplome yangu iko ndani ya hii kartoni," alisema. "Kama Baba mukubwa angengoja lundi, lundi tungekuta nini?"

Mama Joséphine akainuka, akanyoosha mgongo, akaanza kuita majina. Mmoja mmoja walikuja, wakafungua bahasha, wakatazama diplome zao mbele na nyuma. Gracieuse alipopata yake aliibana kifuani kwa mikono miwili. Waliokuwa wamekwisha kutuma pesa walikuwa kumi na mmoja, na pesa yao haikurudi. Polisi walipofika waliandika namba, wakaandika sura ya yule bwana, wakaahidi kufuatilia. Fiacre alichukua bahasha yake bila kumtazama mtu, akaenda.

Chini kabisa ya kartoni zilibaki bahasha saba ambazo majina yake hayakuitikiwa na mtu yeyote. Karatasi zake zilikuwa zimeanza kuwa za manjano. Mama Joséphine akayaandika majina yote saba kwenye daftari lake, kisha akampa Osée bahasha.

"Weye unapendaka kutafuta," alisema. "Basi tafuta."

Ijumaa asubuhi Osée alifungua atelier bila hamu. Plaque ilikuwa bado mezani, nusu nyekundu, nusu nyeupe. Alikuwa akiitazama tu wakati kivuli kilipoingia mlangoni. Alikuwa Fiacre. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja mbele ya ile mbao.

"Nionyeshe," alisema.

Osée alitia essence kwenye kitambaa, akampa mkononi. Fiacre akasugua upande uliokuwa bado mweupe, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka neno Développement likatoka lote, jekundu, na jasho likamshuka puani. Akaacha. Akakaa juu ya ndoo.

"Jana nilikutukana," alisema.

"Ulikuwa umepoteza. Mutu aliyepoteza anashika wa karibu."

"Nilikuwa nasikia kitu haiko sawa, unajua? Ile ordinateur. Hata siku moja sikuona anaifungua. Lakini nilijikataza kuuliza. Nilisema nikiuliza, ataniondoa ku liste."

Osée alimtazama. Alikuwa amejiuliza usiku mzima namna watu thelathini, kati yao walimu na wauguzi, walivyoweza kutoona kamba ya umeme iliyolala sakafuni. Kumbe waliiona. Waliogopa tu kuonekana wanaiona. Jambo hilo lilimshangaza kuliko herufi zote alizokwisha kufukua.

Adèle akawaletea chai na mikate, na walipokwisha kunywa Osée akampigia Eddy. Fiacre alifungua zile bahasha saba moja moja, akasoma majina kwa sauti yake ya darasani, na Osée akayarudia kwenye telefone.

"Ukumu Deogratias?"

"Namujua! Anakaa nyuma ya kanisa! Leo atalia huyo!"

Walikwenda hivyo mpaka jina la sita, na kila mara Eddy alipiga kelele ya furaha, akataja mtaa, ndugu, shamba. Jina la saba hakulijua. Léontine Asiimwa. Diplome yake ilitoka shule moja ambayo Eddy hakupata kuisikia, wala Fiacre, wala Osée aliyesoma kila kitu.

"Basi kabla ya Mahagi alipita pahali pengine," Eddy akasema polepole. "Kabla yangu kulikuwa mwingine."

Osée aliigeuza mbao. Nyuma yake ilikuwa mbao tupu, haina kitu. Akairudisha.

Fiacre ndiye aliyetoa wazo la radio. Parokia ilikuwa na radio ndogo inayotangaza vitu vilivyopotea, vyeti, mbuzi, watoto waliopotelea sokoni. Walikwenda pamoja, mwalimu akaandika tangazo, mtangazaji akaahidi kulisoma na kulituma kwa wenzake wa upande wa Aru na wa Irumu. Hawakusema habari za shirika. Walitoa namba ya Osée, wakasema tu kwamba diplome ya Léontine Asiimwa iko Bunia, mikono salama, na kwamba haiombwi hata franka moja kuirudisha. Hilo la mwisho Fiacre alilipigia mstari mara mbili.

Jumapili mchana, baada ya ibada, Osée alikuwa ameketi uani na Gracieuse, ambaye alikuwa akiandika barua nyingine ya kuomba kazi, safari hii kwa kituo cha afya, na pembeni ameandika maswali matano ya kuwauliza kwanza. Telefone ikalia. Namba haikuwa na jina.

"Ni kwa yule muzee wa diplome?" Sauti ya mwanamke, ya mashaka, ya mtu aliyesimama tayari kukata. "Miye ni Léontine. Nimesikia banataja jina yangu ku radio. Lakini nataka kujua mbele ya yote. Weye ni nani, na unataka nini kwangu?"

Osée akacheka mpaka Gracieuse akainua macho.

"Vizuri sana, mama, uliza," alisema. "Uliza yote. Nitakujibu, na kisha na miye niko na maswali yangu juu ya yule bwana wa viatu safi."

Akavuta kiti karibu na ukuta, penye réseau nzuri ya telefone, akaanza kumweleza tangu mwanzo.